Fangasi wananirudia kila mara: je, kinga yangu ya mwili imeshuka?

Barua ya msomaji

Mshauri, salaam.

Mimi ni mwanamume wa miaka 34. Ndani ya mwaka mmoja nimeugua fangasi mara tatu katikati ya vidole vya miguu. Ngozi inakuwa nyeupe kama imelowekwa, inachubuka na kuwasha, hasa usiku. Miezi miwili iliyopita likatokea baka la duara kwenye kinena. Nikapata krimu ya mchanganyiko wa dawa tatu. Siku tatu tu mwasho ukaisha, nikaacha kupaka. Wiki iliyofuata ukarudi, na safari hii baka limeenea hadi mapajani na kingo zake hazieleweki tena. Nikipaka linatulia, nikiacha linawaka. Ukucha wa kidole gumba cha mguu wa kulia nao umekuwa wa njano na mnene.

Watu wangu wa karibu wanasema kinga yangu imeshuka. Nimepima VVU mara mbili, vipimo vikipishana miezi mitatu, na majibu yote ni hasi. Hata hivyo sina amani. Mke wangu naye amepata fangasi ukeni mara mbili mwaka huu, na anahisi mimi ndiye ninayemwambukiza. Nimeanza kunywa vidonge vya kuongeza kinga. Naomba unieleze kwa undani: mwili hupambana vipi na fangasi, wangu umeshindwa wapi, na nifanye nini?

Msomaji asiye na amani

Jibu

Ndugu yangu,

Nianze na lile linalokunyima usingizi. Katika yote uliyoandika sioni dalili ya kinga iliyoporomoka. Ninachokiona ni fangasi wa kawaida wa ngozi, aliyejibanza mahali ambapo walinzi wa mwili hufika kwa shida, kisha akapata msaada kutoka kwa krimu unayopaka. Krimu hiyo nitairudia, kwa sababu ndiyo kiini cha shida yako ya sasa.

Kwanza tuiweke sawa hii kauli ya "kinga imeshuka". Watu huizungumzia kinga kana kwamba ni maji ndani ya tangi, ama yako juu ama yako chini. Dhidi ya fangasi mwili una malango kadhaa yaliyo mbalimbali, kila lango na walinzi wake, na kila aina ya fangasi hujaribu lango lake. Mtu anaweza kuwa na walinzi imara kabisa kwenye damu na mapafu, na bado vidole vya miguu vikamuwasha mwaka mzima. Ndiyo maana daktari anayejua kazi yake, kabla ya kuuliza kinga ni kiasi gani, huuliza fangasi yuko wapi. Mahali alipojitokeza ndipo panapoonyesha lango lililoachwa wazi.

Lango la kwanza ni joto. Aina za fangasi duniani ni nyingi mno, wengi wao wakiishi kwenye udongo, miti iliyooza na majani, lakini wanaoweza kumwuguza binadamu ni mamia machache tu. Sababu kubwa ni kwamba wengi hawavumilii nyuzi 37 za mwili wetu. Watafiti Vincent Robert na Arturo Casadevall walionyesha mwaka 2009 kwamba kati ya nyuzi 30 na 40, kila nyuzi moja inayoongezeka huwafungia nje takriban asilimia 6 ya aina za fangasi. Popo wanatoa ushahidi wa upande wa pili: wanapolala usingizi mrefu wa majira ya baridi na miili yao kupoa, huvamiwa na fangasi wa ngozi anayependa baridi, ambaye hawezi kabisa kukua kwenye joto la popo aliye macho. Sasa fikiria miguu yako. Vidole viko mbali na moyo na ngozi yake mara nyingi ina ubaridi kuliko ya kifua, na fangasi wanaokula ngozi hustawi vizuri kwenye nyuzi 25 hadi 30. Hapo lango la kwanza tayari limelegea, kwako na kwa kila mtu.

Lango la pili ni ngozi yenyewe. Juu yake ni kavu, ina uchachu kidogo (pH karibu 5), na mafuta yake yana asidi zinazowadhoofisha fangasi. Seli za ngozi hutoa protini ndogondogo zinazotoboa ukuta wa vijidudu. Zaidi ya yote, ngozi hupukutika: tabaka lote la juu hubadilishwa kwa takriban wiki nne, hivyo fangasi anayekua polepole hutupwa nje pamoja na magamba aliyoyakalia. Kiatu kilichofungwa siku nzima huharibu karibu kila kitu katika orodha hii. Jasho hulowesha ngozi, uchachu hupungua, tabaka la juu huvimba na kupasuka, na fangasi hupata nyufa za kuingilia. Ule weupe unaouona katikati ya vidole ni ngozi iliyolowa ikalegea.

Fangasi anayekusumbua, ambaye kwa uwezekano mkubwa ni mmoja wa kundi la Trikofitoni, hula keratini, ile protini ngumu inayojenga ngozi ya juu, nywele na kucha. Tabaka hilo limekufa. Halina mishipa ya damu, kwa hiyo seli nyeupe haziwezi kuogelea hadi pale zikamla. Kinga inalazimika kupigana kutoka chini: seli hai za ngozi zinahisi mabaki ya fangasi, zinaita seli za ulinzi, na hizo zinatoa ujumbe wa kikemikali, mmojawapo ukiitwa intalukini 17, unaoamuru ngozi itengeneze protini nyingi zaidi za kuua vijidudu na ijipukutishe kwa kasi. Wekundu, mwasho na magamba unayoyaona ni vita hiyo ikiendelea. Hata umbo la duara lina maana: katikati kinga imekwisha kushinda na ngozi inatulia, pembeni fangasi anasonga mbele kutafuta ngozi mpya, na hapo ndipo penye ukingo mwekundu ulioinuka.

Sasa jambo linaloeleza kwa nini wakurudie. Trikofitoni aliyezoea binadamu amejifunza kuishi nasi kimyakimya. Ukuta wake una sukari fulani, ziitwazo manani, ambazo hupooza mwitikio wa kinga na kupunguza kasi ya ngozi kupukutika. Aina zinazotoka kwa wanyama, kama paka au ng'ombe, hazina adabu hiyo: ngozi huvimba vibaya, hutoa usaha, lakini mara nyingi mwili huzifukuza haraka zaidi. Kwa hiyo fangasi mpole wa miguuni anayedumu miaka huwapata watu wenye afya njema kabisa, na baadhi ya familia humpata zaidi kwa sababu ya jinsi ngozi yao ilivyoumbwa.

Turudi kwenye krimu. Umesema ni mchanganyiko wa dawa tatu, mwasho ulikoma ndani ya siku tatu, ukiacha unarudi kwa nguvu, na kingo za baka zimefifia. Maelezo hayo yananifanya nishuku sana kwamba ndani yake kuna steroidi. Soma boksi: ukiona betamethasoni, klobetasoli, deksamethasoni au jina la jamii hiyo, ndiyo yenyewe. Kwa kawaida huunganishwa na dawa ya bakteria na dawa ya fangasi ndani ya tyubu moja. Steroidi hunyamazisha kinga ya ngozi. Mwasho unaondoka kwa sababu walinzi wameambiwa wakae chini, na fangasi anatambaa bila kusumbuliwa hadi mapajani. Ukingo ule mwekundu uliokuwa ukimtambulisha nao unapotea, hata mtaalamu akitazama kwa macho tu anaweza kudhani ni ugonjwa mwingine. Dawa ya fangasi iliyomo haitoshi kushinda hali hiyo, hasa mtu akipaka siku tatu na kuacha. Kinenani ngozi ni laini na hunyonya dawa kwa wingi. Steroidi kali ikitumika hapo kwa wiki nyingi huifanya ngozi iwe nyembamba na kuacha michirizi isiyofutika.

Acha krimu hiyo. Nakuonya mapema ili usikate tamaa: mwasho na wekundu vinaweza kuongezeka kwa siku kadhaa, pengine wiki moja au mbili, kinga inapoamka na kumkuta fangasi ametapakaa. Wengi hapo huona "dawa mpya imekataa" na kurudi kwenye tyubu ya zamani, na mzunguko unaanza upya. Ikiwa umeipaka karibu kila siku kwa miezi yote miwili, mwone daktari wa ngozi akusimamie katika kuiacha.

Kabla ya kuanza dawa nyingine, omba kipimo cha magamba. Ni rahisi mno, na huwa nasikitika kuona jinsi kinavyorukwa. Mhudumu anakwangua magamba kwenye ukingo wa baka, pale fangasi alipo hai, na si katikati. Anayaweka kwenye kioo pamoja na tone la potasiamu haidroksidi ya asilimia 10 hadi 20, linaloyeyusha seli za ngozi na kuacha nyuzi za fangasi zionekane kwa darubini. Ukiwa umepaka dawa ya fangasi siku za karibuni kipimo kinaweza kudanganya, kwa hiyo mweleze mara ya mwisho ulipaka lini. Kipimo hiki kina maana kwa sababu si kila mwasho wa kinenani ni fangasi. Kuna bakteria wanaotoa baka la kahawia lisilo na ukingo ulioinuka, kuna ukurutu, kuna soriasisi, na tiba zake ni tofauti.

Ikithibitika ni fangasi, tibu miguu na kinena kwa wakati mmoja. Kosa la kawaida ni kutibu panapowasha zaidi na kuacha ghala likiwa vidoleni. Kwa ngozi ya namna yako kuna dawa mbili za kupaka zinazotumika sana. Terbinafini ya asilimia 1 inaua fangasi hawa na hupakwa mara moja au mbili kwa siku, kama karatasi yake inavyoelekeza, kwa wiki 1 hadi 2. Klotrimazoli ya asilimia 1 inafanya kazi polepole: hupakwa mara mbili kwa siku, angalau wiki 2 kinenani na wiki 4 miguuni, hata kama ngozi imeonekana safi siku ya saba. Ngozi safi kwa macho bado ina nyuzi hai, na hizo ndizo zilizokurudia mara tatu. Osha, kausha kabisa, kisha paka hadi sentimita 2 nje ya ukingo wa baka, kwa kuwa fangasi amekwisha kutangulia huko. Kipimo cha kutosha: krimu inayotoka kwenye tyubu kuanzia ncha ya kidole cha shahada hadi mkunjo wake wa kwanza ni takriban nusu gramu, na hutosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima.

Kwa kuwa steroidi imekwisha kumsambaza, daktari anaweza kuamua kwamba kupaka hakutoshi na kukuandikia vidonge. Usivinunue mwenyewe. Pia kuna aina za Trikofitoni zilizoanza kustahimili terbinafini, kwa hiyo ukiwa umetumia dawa ipasavyo wiki nne bila nafuu, omba magamba yaoteshwe maabara ili aina yake ijulikane, badala ya kubadilisha tyubu moja hadi nyingine.

Mambo madogo yana uzito mkubwa hapa. Taulo ya miguu iwe peke yake. Kausha katikati ya kila kidole; dakika moja inatosha. Vaa soksi kabla ya chupi: ukivaa chupi kwanza, inapita juu ya vidole na kubeba magamba hadi kinenani, na hivyo ndivyo fangasi wengi wa kinena wanavyosafiri. Soksi na taulo zifuliwe kwa maji ya nyuzi 60. Viatu vipumzishwe siku nzima kabla ya kuvaliwa tena, ndani yake pakauke. Na usipuuze mipasuko ya vidoleni, maana bakteria hupitia hapo. Mguu ukivimba, ukawa wa moto na mwekundu, na ukapata homa, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Umeuliza mwili hupambana vipi, na mpaka sasa nimekuonyesha ngozi tu. Ndani mambo ni mengine kabisa, na ukiyajua utaelewa kwa nini sina hofu juu yako.

Mwaka 1884 mwanasayansi Élie Metchnikoff alikuwa akitazama viroboto maji, wadudu wadogo ambao mwili wao unapitisha mwanga. Akaona mbegu zenye ncha za fangasi mmoja zikitoboa utumbo wao, na seli zinazotembea zikizizingira na kuzila. Kiroboto ambaye seli zake zilishinda alipona. Ambaye mbegu ziliota alikufa. Kazi hiyo juu ya seli zinazokula vijidudu ilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1908. Kwa maneno mengine, fangasi walikuwepo tangu mwanzo wa elimu yetu juu ya seli za kinga.

Kwa binadamu seli hizo ni makrofaji na neutrofili. Zinamtambuaje fangasi? Kwa ukuta wake. Seli zetu hazina ukuta, lakini za fangasi zimezungukwa na ukuta wa sukari ziitwazo kaitini, beta-glukani na manani. Juu ya seli zetu nyeupe kuna kipokezi kiitwacho Dectin-1 ambacho kazi yake ni kuishika beta-glukani. Kikishika tu, seli inameza, inatoa sumu na kuita wenzake. Fangasi nao wana hila zao. Mbegu za fangasi aitwaye Aspajilasi, zenye upana wa maikromita 2 hadi 3, zimevikwa koti la protini linalozificha. Kila mmoja wetu huvuta mamia ya mbegu kama hizo kila siku. Zikiwa zimelala, mapafu hayazioni, na hilo ni jema, maana kuwaka kwa kila mbegu kungetuua. Mbegu inapovimba ili iote, koti linapasuka, beta-glukani inafichuka, na makrofaji zilizo kwenye vifuko vya hewa zinaimeza. Iliyoponyoka na kuanza kutoa uzi hukutana na neutrofili.

Neutrofili ndizo jeshi kubwa. Uboho wa mifupa hutengeneza takriban bilioni 100 kila siku, na huishi muda mfupi. Uzi wa fangasi ni mrefu, haumezeki, kwa hiyo neutrofili huukalia na kuumwagia oksijeni kali yenye sumu, au hupasuka na kurusha nyavu za DNA yao wenyewe zilizojaa protini za kuua. Humo mna protini inayonyakua zinki na manganizi, fangasi akabaki na njaa ya madini. Lango hili likibomoka, madhara yake hayafanani hata kidogo na mwasho wa vidole. Mgonjwa wa saratani ambaye tiba imeshusha neutrofili zake chini ya 500 kwa kila maikrolita ya damu kwa zaidi ya siku kumi anaweza kupata Aspajilasi anayetafuna mapafu, au Kandida, fangasi mwingine, anayeogelea kwenye damu. Watoto wanaozaliwa bila uwezo wa kutengeneza ile oksijeni kali nao huugua hivyo. Hao ndio watu ambao kinga yao dhidi ya fangasi imeshindwa kweli, na hulala wodini wakiwa na homa isiyosikia antibayotiki.

Lango jingine linalindwa na seli za CD4, ambazo VVU huzimaliza. Hizo haziui fangasi kwa mikono yao. Huziamuru makrofaji ziue zilichomeza, na huagiza ule ujumbe wa intalukini 17 unaolinda kinywa na ngozi. CD4 zikishuka chini ya 200, utando mweupe wa Kandida hujaa mdomoni na wakati mwingine hufika kwenye umio, kikohozi cha Nyumosistisi, fangasi wa mapafu, hubana pumzi, na Kriptokokasi, chachu (fangasi wa seli moja) inayojivika koti nene la sukari ili isitambulike, husafiri kutoka mapafuni hadi kwenye utando wa ubongo. Kwa hiyo kwa mtu mwenye VVU, kichwa kinachouma siku nyingi mfululizo na homa ni cha kuharakisha hospitali, na kuna kipimo cha damu kinachoweza kumgundua Kriptokokasi kabla ubongo haujaguswa. Ulifanya vyema kupima. Vipimo viwili hasi vilivyopishana miezi mitatu vinatosha, ikiwa hapakuwa na hatari mpya katikati.

Kipimo ambacho hukukitaja, na ningependa ukifanye, ni cha sukari. Sukari ikiwa juu neutrofili huzubaa, jasho na mkojo huwa na chakula cha chachu, na mzunguko wa damu miguuni hudhoofika. Kiwango cha 7.0 mmol kwa lita au zaidi baada ya kufunga kula usiku kucha, kikirudiwa na kupatikana tena, ni kisukari. Kwa mtu mwenye fangasi wa kujirudia, hiki ndicho chenye nafasi kubwa ya kukuta kitu kinachotibika.

Vidonge vya kuongeza kinga viache. Hakuna kidonge kinachojulikana kuwafikisha walinzi kwenye tabaka la ngozi lisilo na damu, na hadi leo hakuna chanjo ya fangasi iliyoidhinishwa kwa binadamu. Kinga kali kupita kiasi nayo huumiza, na mfano mzuri uko nyumbani kwako.

Mwambie mke wako kwamba hukumwambukiza. Fangasi wa ukeni karibu kila mara ni Kandida, chachu asiyekula keratini, na wako ni Trikofitoni. Kandida huishi ndani ya wanawake wengi wazima bila kuwasumbua, akidhibitiwa na bakteria wema wanaotengeneza asidi na kushusha pH ya uke hadi kati ya 3.8 na 4.5. Antibayotiki zikiwaua bakteria hao, au homoni za ujauzito au sukari zikabadilisha mazingira, chachu hurefuka kuwa nyuzi na kutoa sumu inayotoboa seli. Mwili huita neutrofili kwa wingi, zinafika, lakini mle ukeni zinashindwa kumwua, na fujo yao ndiyo inayoleta uvimbe na mwasho mkali. Wanawake wengi wanaougua mara kwa mara hawana upungufu wowote wa kinga. Mara mbili kwa mwaka bado si hali ya kujirudia kitaalamu. Ni mara tatu au zaidi, na akifika hapo apimwe ute ili aina ya Kandida ijulikane, kwa sababu zipo zisizosikia flukonazoli, dawa ya fangasi ya kumeza. Asijisafishe kwa ndani kwa sabuni wala dawa. Akiwa mjamzito, au akihisi huenda ni mjamzito, asimeze flukonazoli bila daktari. Zipo dawa za kuweka ukeni. Unachoweza kumwambukiza wewe ni fangasi wa miguuni, kwa taulo na sakafu ya bafu, kwa hiyo atazame vidole vyake pia.

Umebaki ukucha. Usiutibu kabla haujapimwa, maana karibu nusu ya kucha zilizoharibika hazina fangasi: wengine ni kiatu kilichobana, wengine soriasisi. Ukipatikana naye, krimu haipenyi. Tiba ya kawaida kwa mtu mzima ni terbinafini ya kumeza, miligramu 250 kila siku kwa wiki 12, baada ya kupima ini na kumweleza daktari dawa zote unazotumia. Usiache kuutibu, kwa sababu ukucha wenye fangasi ndio unaoendelea kumwaga mbegu vidoleni kila unapopona. Wiki 12 zikiisha ukucha bado utakuwa mbaya kwa macho, na wengi hapo hudhani dawa imeshindwa. Ukucha wa mguu hukua takriban milimita 1.5 kwa mwezi, na dawa hubaki ndani yake kwa miezi baada ya kidonge cha mwisho. Tazama shinani, karibu na nyama: ukiona ukanda mwembamba wa ukucha mpya, mwangavu na laini, chora alama ndogo kwa kisu cha kucha pale unapokutana na ule wa njano, kisha angalia kila mwezi kama alama inasogea mbele na nyuma yake pamebaki safi. Unjano ukiipita alama na kurudi nyuma, rudi kwa daktari.